Baba wa Mansfeld na Baba wa Mbinguni: Vifungo vya Utotoni katika Maisha ya Martin Luther

Utangulizi

Kila mchungaji aliyepata kufundisha darasa la kipaimara anajua kwamba Sala ya Bwana huanza kwa neno lililo jepesi kutamka na zito kubeba. Miaka kadhaa iliyopita, katika usharika mmoja niliouhudumia, alikuwako msichana aliyeisali sala hiyo yote pamoja na wenzake, isipokuwa mwanzo wake. Alinyamaza mpaka wenzake walipokwisha kumwita Mungu Baba, ndipo naye akajiunga nao. Nilipomwuliza faraghani sababu yake, alinijibu kwa upole kwamba baba amjuaye yeye, asingetamani kumkuta tena mbinguni. Nikampa jibu la darasani, kwamba Mungu si kama baba wa duniani. Jibu lilikuwa sahihi, lakini niliona wazi kwamba halikumfikia.

Makala hii imezaliwa na swali la msichana yule. Je, malezi ya miaka ya kwanza yana uwezo gani juu ya imani ya Mkristo? Je, mtu aliyelelewa kwa hofu amehukumiwa kumwogopa Mungu maisha yake yote? Na kama sivyo, ni nini kinachoweza kumfungua? Badala ya kujibu kwa nadharia tupu, tutamtazama mtu mmoja ambaye sisi Walutheri tunadhani tunamjua vyema, yaani Martin Luther mwenyewe. Maisha yake yana ushahidi mwingi juu ya jambo hili kuliko tunavyozoea kufundisha.

1. Elimu juu ya vifungo vya kwanza

Wahenga wetu walisema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Katika karne ya 20 elimu ya nafsi ililichunguza jambo hilo kwa utaratibu. John Bowlby (1907–1990), tabibu Mwingereza wa magonjwa ya akili, alilelewa na yaya kama ilivyokuwa desturi katika nyumba za matajiri wa London. Yaya aliyempenda aliondoka Bowlby alipokuwa na umri wa miaka minne hivi, naye baadaye alilinganisha pigo lile na kufiwa na mama. Mwaka 1951 Shirika la Afya Duniani lilichapisha taarifa yake juu ya watoto waliokosa malezi ya mama, na kati ya mwaka 1969 na 1980 akatoa vitabu vitatu vikubwa juu ya kuambatana, kutengana na kufiwa. Alifundisha kwamba mtoto haambatani na mama kwa sababu ya chakula tu. Huambatana naye kwa sababu anahitaji kimbilio wakati wa hofu, na mahali salama pa kuanzia anapotoka kwenda kuujua ulimwengu. Kutokana na jinsi anavyopokewa, mtoto hujijengea picha moyoni: kama yeye ni mtu wa kupendwa, na kama wengine ni watu wa kutegemewa.

Inafaa wasomaji wetu wajue kwamba msingi mmojawapo wa elimu hiyo uliwekwa hapa Afrika Mashariki. Mary Ainsworth (1913–1999), aliyekuwa amefanya kazi na Bowlby huko London, alifika Kampala mwaka 1954. Akisaidiwa na taasisi ya uchunguzi wa jamii iliyokuwa Makerere, alizitembelea nyumba 26 za Waganda katika vijiji vya jirani na mji, kila baada ya majuma mawili kwa muda wa miezi tisa hivi, akiwaangalia watoto wachanga 28 pamoja na mama zao. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Aliona kwamba mtoto ambaye mama yake alizielewa dalili zake na kumfurahia, ndiye aliyethubutu kutambaa mbali naye na kurudi bila wasiwasi. Tena aliona kwamba watoto wengi waliambatana pia na baba, bibi, au ndugu wakubwa. Jambo hilo la mwisho tutalirudia, maana lina uzito katika utumishi wetu.

Tangu miaka ya 1990 wanasaikolojia wa dini, kama Lee Kirkpatrick wa Marekani na Pehr Granqvist wa Uswidi, wameuliza jinsi vifungo hivyo vinavyohusiana na imani. Wametaja njia mbili. Njia ya kwanza ni ya ufanano: mtu humwona Mungu kwa picha ile ile aliyoipata kwa wazazi. Njia ya pili ni ya fidia: aliyekosa kimbilio nyumbani hulitafuta kwa Mungu, mara nyingi kwa ghafla na katika dhiki. Tukiwa na vipimo hivi viwili mkononi, twende sasa Ujerumani ya karne ya 15.

2. Mtoto wa Mansfeld

Martin Luther alizaliwa Eisleben tarehe 10 Novemba 1483, na mwaka uliofuata wazazi wake wakahamia Mansfeld. Hans, baba yake, alitoka katika ukoo wa wakulima akajiingiza katika kazi ya kuyeyusha shaba, akapanda hata kuwa mmojawapo wa wakuu wa mji. Margarethe, mama yake, alikuwa wa ukoo wa Lindemann wa Eisenach, watu wa mjini wenye elimu. Luther alipenda kujiita mwana wa wakulima, lakini nyumba yao haikuwa ya kimaskini. Mwaka 2003 wachimbaji wa mambo ya kale walifukua shimo la taka la nyumba hiyo, wakakuta mifupa ya nyama nzuri, vyombo, na hata gololi za watoto kuchezea. Basi katika nyumba ile watoto walikula, na watoto walicheza.

Hata hivyo watoto walipigwa. Katika mazungumzo yake ya mezani, Luther alisimulia kwamba mama yake alimpiga mpaka damu ikatoka, kwa ajili ya kokwa moja tu. Alisimulia pia kwamba siku moja baba yake alimpiga vikali hata akamkimbia na kumchukia, na baba akahangaika mpaka alipomrudisha mwanawe kwake. Shuleni nako, katika asubuhi moja tu, alichapwa mara kumi na tano.

Msomaji asiipite haraka habari ile ya pili. Watu huitaja fimbo na kusahau mwisho wake. Hans alikuwa baba mkali, lakini hakustahimili kumwona mwanawe yuko mbali naye. Alimfuata. Katika kisa kimoja tunakuta hofu na upendo vikiwa vimefungwa pamoja, na huo ndio ugumu wa nyumba nyingi tunazozihudumia. Mtoto anayechukiwa tu hujua mahali aliposimama. Mtoto anayependwa na yule yule amwogopaye hajui akimbilie wapi, kwa kuwa kimbilio lake na hofu yake ni mtu mmoja.

3. Hofu barabarani na hofu madhabahuni

Tarehe 2 Julai 1505, Luther, aliyekuwa ameanza kusoma sheria Erfurt kwa matakwa ya baba yake, alikutwa na radi karibu na kijiji cha Stotternheim. Katika hofu ya mauti alimwomba Mtakatifu Anna msaada, akaahidi kuwa mtawa. Tuangalie alimwita nani. Hakumwita Mungu Baba, wala hakumwita Kristo. Alimwita mama yake Mariamu, mtakatifu aliyeheshimiwa na wachimba migodi, yaani mtakatifu wa watu wa kazi ya baba yake. Dhiki ilipomfika, moyo wake ulikimbilia kwa mama, na mama huyo alikuwa wa kwao.

Tarehe 17 Julai aliingia katika nyumba ya watawa wa Mtakatifu Augustino. Hans alikasirika sana, maana matumaini yake yote yalivunjika. Mwaka 1507 Luther alipoadhimisha misa yake ya kwanza, baba yake alifika na wapanda farasi ishirini, akatoa gulden ishirini kwa ajili ya jiko la watawa. Alipofika kwenye sala ambayo kuhani humwelekea Mungu wa milele, Luther alitetemeka hata akataka kuiacha madhabahu. Baadaye, mezani, alimwuliza baba yake kwa nini alikuwa amepinga. Akaeleza kwamba aliitwa kutoka mbinguni. Hans akajibu kwamba na iombewe isiwe mwito ule ulikuwa hila ya Shetani, tena akawauliza wasomi wale kama hawajapata kusikia amri ya kuwaheshimu baba na mama. Neno hilo lilimchoma Luther, na miaka 14 baadaye alikiri kwamba hakupata kusikia neno la mwanadamu lililomwingia kwa nguvu kuliko hilo.

Katika siku ile moja, basi, alisimama mbele ya baba wawili, na mbele ya wote wawili alitetemeka. Alipoitafakari haki ya Mungu, alieleza mwenyewe mwaka 1545, aliichukia, kwa kuwa aliifahamu kuwa ni ile haki ambayo Mungu huwaadhibia wenye dhambi.

Hapa ndipo inapotupasa kuwa na tahadhari. Mwaka 1958 Erik Erikson alitoa kitabu mashuhuri juu ya ujana wa Luther, akayaeleza Matengenezo ya Kanisa kwa kiasi kikubwa kwa ugomvi wa kijana na baba yake. Wanahistoria, akiwamo Roland Bainton, walimpinga, nao walikuwa na haki kwa sababu tatu. Kwanza, ushahidi ni mchache: visa vya fimbo vilisimuliwa na mtu mzima karibu miaka 40 baadaye, navyo vikaandikwa na wageni wake mezani. Pili, maelfu ya watoto wa Ujerumani walichapwa vivyo hivyo, na hawakutikisa Kanisa. Tatu, hofu ya Luther haikutoka nyumbani peke yake. Kanisa la siku zile lilimchora Kristo kama Hakimu aketiye juu ya upinde wa mvua, na mtoto Martin aliitazama picha hiyo. Twaweza kusema kwamba nyumba ilimpa moyo wa kuogopa, na Kanisa likampa Mungu wa kuogopwa. Watumishi wenzangu, sehemu hiyo ya pili haiwahusu wazazi. Inatuhusu sisi.

4. Johann von Staupitz

Kama nadharia ya ufanano ingekuwa na neno la mwisho, Luther angekufa akitetemeka. Hakufa hivyo, na historia inatuonyesha mtu aliyesimama njia panda. Huyo ni Johann von Staupitz, mkuu wa watawa wa Augustino wa Ujerumani waliofuata kanuni kali, ambaye alikuwa baba wa maungamo wa Luther. Kijana aliungama kwa muda mrefu kupita kiasi, wakati mwingine saa sita kwa mara moja. Staupitz alichoka, akamkaripia na kumtania, lakini hakumfukuza. Kila mara alimwelekeza kwenye majeraha ya Kristo.

Mwaka 1515, huko Eisleben, Staupitz aliichukua Sakramenti katika maandamano ya sikukuu ya Mwili wa Kristo, na Luther akifuata nyuma akashikwa na hofu kuu. Alipoungama hofu hiyo, Staupitz alimwambia kwamba hicho kilichomtisha hakikuwa Kristo, kwa kuwa Kristo hatishi, bali hufariji. Tunaweza kulipima neno hili kwa elimu ya Bowlby: mtu mzima, mwenye mamlaka, anaipokea hofu ya kijana bila kuishangaa, kisha anamwonyesha kimbilio. Lakini tukiishia hapo tumepungukiwa. Staupitz hakumwambia Luther ajiamini, wala hakumwambia amtegemee yeye Staupitz. Alimhubiria Kristo aliye nje yao wote wawili. Kifungo kilikuwa njia, na Neno ndilo lililopita katika njia ile.

Jinsi kifungo hicho kilivyokuwa na kina twaiona katika barua ya Luther ya tarehe 3 Oktoba 1519. Staupitz alikuwa amenyamaza kwa muda, naye Luther akamwandikia kwamba siku ile alimhuzunikia kama mtoto aliyeachishwa ziwa anavyomhuzunikia mama yake. Akaongeza kwamba usiku aliota Staupitz akimwacha, naye akilia kwa uchungu, lakini Staupitz akampungia mkono atulie kwa kuwa angerudi. Luther alikuwa karibu kutimiza miaka 36, mwalimu wa chuo kikuu, na jina lake lilijulikana Ulaya. Hata hivyo hakuona haya kutumia lugha ya mtoto mchanga. Miaka yake yote alikiri kwamba Staupitz ndiye aliyekuwa baba yake katika mafundisho ya Injili, ingawa Staupitz hakumfuata katika kuachana na Roma, akafa mwaka 1524 akiwa abate huko Salzburg.

5. Mwana amrudia baba yake

Jambo la kupendeza ni kwamba mtu aliyempata Baba wa mbinguni alipata pia njia ya kumrudia baba wa duniani. Mwezi Novemba 1521, akiwa mafichoni Wartburg, Luther alikiweka wakfu kwa Hans kitabu chake juu ya nadhiri za watawa. Katika barua ile alikiri kwamba baba yake alisema kweli siku ya misa, na kwamba nadhiri iliyowekwa kinyume cha amri ya kuwaheshimu wazazi haikuwa na thamani. Lakini papo hapo aliandika kwamba si Hans aliyemtoa utawani, bali Mungu, na kwamba sasa Kristo ndiye abate wake, bwana wake, baba yake na mwalimu wake. Hii si barua ya mtoto mwasi, wala ya mtoto mtumwa. Ni barua ya mtu ambaye, kwa kuwa hamwogopi tena baba yake kama mungu, anaweza kumheshimu kama baba.

Mwezi Februari 1530, Hans alipougua, Luther alimwandikia barua ya faraja. Hans alifariki tarehe 29 Mei mwaka ule, Luther akiwa katika ngome ya Coburg. Alipopata habari alichukua Zaburi yake, akaingia chumbani mwake, akalia sana. Siku ile ile alimwandikia Philipp Melanchthon kwamba kwa njia ya baba huyo Mungu alimpa yote aliyo. Siku kumi na nne baadaye, tarehe 19 Juni, alimwandikia mwanawe Hans, aliyeitwa jina la babu yake na aliyekuwa ametimiza miaka minne tu, barua juu ya bustani nzuri yenye matunda, farasi wadogo na ngoma, ambamo watoto wanaosali na kujifunza huingia. Basi, katika muda wa majuma mawili, mwana alimlilia baba mkali, na baba aliyelelewa kwa fimbo akamwandikia mwanawe juu ya bustani.

6. Katekisimo iliyoandikwa na mzazi

Luther alimwoa Katharina von Bora tarehe 13 Juni 1525, mwanamke ambaye naye alipelekwa kwa watawa angali mtoto mdogo. Wakazaa watoto sita. Elisabeth alikufa mwezi Agosti 1528 akiwa na miezi minane hivi, na Luther akaandika kwamba hakupata kudhani moyo wa baba waweza kulainika hivyo kwa ajili ya mtoto. Mwaka uliofuata, 1529, alitoa Katekisimo Ndogo. Kila mwanafunzi wetu anaijua maelezo ya mwanzo wa Sala ya Bwana: kwamba Mungu anatubembeleza tuamini ya kuwa yeye ni Baba yetu wa kweli nasi tu watoto wake, ili tumwombe bila hofu. Tumeikariri mara nyingi mno hata hatuulizi nani aliyeiandika. Aliyeiandika ni mtu aliyetetemeka madhabahuni mwaka 1507, na aliyekuwa amemzika binti yake.

Hata hivyo Luther hakujifanya mzazi mkamilifu. Hakuikataa fimbo, alisema tu kwamba tofaa na liwekwe kando yake. Mwaka 1542 Magdalena, binti yake wa miaka 13, alipokuwa akifa, alimwuliza kama angependa kubaki hapa na baba huyu au kwenda kwa Baba yule wa mbinguni. Mtoto akakubali mapenzi ya Mungu, akafa mikononi mwa baba yake. Binti huyu aliweza kutoka mkononi mwa baba mmoja kwenda kwa mwingine bila hofu. Hapo twaona njia ya ufanano ikifanya kazi kwa baraka.

7. Mafundisho kwa utumishi wetu

Kwanza, tusidharau vifungo vya kwanza. Mtunga Zaburi ya 22 anakiri kwamba Mungu alimpa kutumaini tangu matitini mwa mama yake. Imani ya mtoto huanza kutayarishwa mikononi mwa anayembeba, kabla hajajua neno lolote. Onyo la Waefeso 6:4, akina baba wasiwachokoze watoto wao, ni jambo la imani na si la adabu tu. Wapo kati yetu wanaoitumia methali ya mchelea mwana kulia kama kibali cha kuumiza. Na katika madarasa ya kipaimara wamekuwapo wafundishaji walioifundisha neema wakiwa na fimbo mkononi. Mtoto hukumbuka mkono muda mrefu kuliko somo.

Pili, tusivifanye vifungo hivyo kuwa majaliwa yasiyobadilika. Sisi Walutheri tunaungama kwamba wokovu hutujia kutoka nje yetu. Mtoto hubatizwa akiwa amebebwa, bila kuleta chochote, wala Ubatizo hauulizi alilelewaje. Zaburi ya 27 inasema juu ya mtu aliyeachwa na baba na mama, naye Bwana akamkaribisha. Na Isaya 49 inakubali wazi kwamba hata mama aweza kusahau mtoto wake, lakini Bwana hasahau. Maandiko hayaifichi nyumba iliyovunjika. Wala Mungu haitwi Baba kwa kuwa anafanana na baba zetu. Kwa mujibu wa Waefeso 3:15, ni ubaba wa duniani unaopimwa kwake.

Tatu, Neno lile kutoka nje huja kwa kawaida katika kinywa cha mtu. Luther alikuwa na Biblia kabla ya kukutana na Staupitz, naye aliisoma kwa hofu. Alihitaji mtu wa kumsomea tena. Ainsworth aliona katika vijiji vya Waganda kwamba bibi na ndugu wakubwa nao huwa kimbilio la mtoto. Usharika unao watu wa namna hiyo: wazazi wa ubatizo, wazee wa kanisa, akina mama wa kwaya. Tunawaandika katika daftari ya ubatizo na kuwasahau. Tungewatumia, watoto wengi wangempata Staupitz wao mapema.

Hitimisho

Namrudia msichana yule. Baada ya kuyasoma haya maisha ya Luther, niliona kosa langu. Nilimpa fundisho juu ya Baba, wakati alihitaji kwanza mtu wa kuipokea hofu yake bila kushtuka. Nilizungumza naye tena, nikamwambia kwamba sala ile haisemi Baba yangu, bali Baba yetu. Siku ambayo hawezi kulitamka neno lile, wenzake wanalitamka pamoja naye na kwa ajili yake, na Kristo aliyetufundisha sala hiyo analitamka kabla yetu sote. Nikamkabidhi kwa mama mmoja mzee wa kanisa, aliyemkaribisha nyumbani kwake kila Jumamosi. Mwaka uliofuata nilihamishiwa usharika mwingine.

Ndugu msomaji, wewe utakayesimama kesho mbele ya darasa kama lile, wasikilize wale wanaonyamaza mwanzoni mwa sala. Luther naye alikuwa mmoja wao.